Jibini Asiyoila Mwenyewe

Pra-Ferrin, 14 Oktoba 1956

Dada yangu Clémence,

Nimeolewa wiki tatu sasa, na bado nikisikia mtu anasema "mke wa Cyprien" nageuka kumtafuta huyo mwanamke mwenye bahati. Ni mimi, dada. Ungemwona Jumamosi akipanda ngazi, theluji ya kwanza mabegani, kofia mkononi, akanitafuta kwa macho kabla hata hajamsalimia bibi yake. Anakaa siku moja na nusu, kisha anarudi juu kunakojengwa bwawa kuchimba handaki na wenzake, na mimi nabaki wiki mbili nikinusa mto wake.

Hapo ndipo shida inapoanza, maana mto unanuka jibini.

Kila kitu hapa kinanuka jibini. Mashuka, nywele zangu, kitabu cha sala. Ng'ombe wanalala chini ya chumba chetu, na joto lao linapenya kwenye mbao pamoja na samadi yao. Mkate umeokwa mwezi wa sita na tutaula hadi Krismasi; ni mweusi, unakatwa kwa kisu kilichofungwa kwenye ubao kama mlango kwenye bawaba. Bibi Euphrosine, ambaye amemlea Cyprien tangu wazazi wake walipofariki, ana miaka themanini na minne, macho yake yamefifia na meno yake ni manne. Anachovya mkate kwenye kahawa, anautia mdomoni, ukiwa bado mgumu anautoa na kuurudisha kikombeni. Kisha ananisogezea kikombe nionje. Nilipokohoa alinipaka kifuani mafuta ya yule mnyama anayelala chini ya ardhi majira yote ya baridi. Nililala nikinuka kama kitu kilichofukuliwa.

Hayo yote ningeyavumilia kwa ajili ya Cyprien. Sasa sikia la jibini.

Siku ya harusi Bibi alinishusha stoo ya chini, akanionyesha duara zima la jibini mpya, nzuri, ya rangi ya majani makavu. Cyprien alikuwa ameichora kwa msumari: N.P. 1956. "Hii yako," akasema Bibi. Nikambusu. Nilidhani ni zawadi ya harusi. Jumapili iliyopita nikasikia hamu, nikamuuliza tutaikata lini.

"Hutaikata," akasema.

"Basi Cyprien ataikata?"

"Cyprien, kama atakuwa hai. La sivyo wanao. Wewe hutaila, mtoto wa ziwani. Sisi ndio tutaila, siku ya kukuzika."

Nina miaka ishirini na mbili, Clémence. Shada langu la harusi halijakauka bado, na tayari nimeshawekewa chakula cha matanga.

Akachukua taa akanionyesha nyingine. Kila mtu wa nyumba hii ana yake, imekaa rafuni tangu alipofunga ndoa, inamsubiri. Ya Bibi iko mwisho kabisa, pembeni, tangu mwaka 1893. Ni nyeusi kama kwato, imetobolewa na panya, imefunikwa vumbi la kijivu. Nilisogeza taa. Vumbi lilikuwa linatembea. Ni utitiri, dada, maelfu kwa maelfu. Na Bibi akachovya kidole gumba katika vumbi lile, akalamba, akatafakari kama padri, akasema, "Bado."

Nilipanda ngazi nikikimbia. Niambie nifanye nini. Nampenda mume wangu hadi nasikia kizunguzungu, lakini nikimeza mate nakumbuka kile kidole.

Mdogo wako,
Noélie


Vevey, 19 Oktoba 1956

Mdogo wangu,

Barua yako niliifungua nikiwa mezani. Sitarudia kosa hilo.

Niliwasomea wenzangu wa chumba cha kupiga pasi. Mmoja aliniuliza kama mumeo ni wa nchi hii kweli. Nikamwambia ni wa nchi hii hii, mwendo wa treni na basi la posta, ila huko juu hawajapata habari kwamba watu wameanza kunawa. Sisi mama yetu tulimzika kwa kahawa na keki, watu wakalia wakaenda zao. Hakuna aliyemtafuna.

Unaniuliza ufanye nini, na mimi ni mfuaji, kwa hiyo nitakujibu kama mfuaji. Maji ya moto, magadi, brashi ngumu. Anza na dari, malizia na sakafu. Rafu zisugue mara mbili. Kitu kinachotembea chenyewe ndani ya chakula kimeacha kuwa chakula, kitupe. Umesema bibi haoni vizuri. Basi hatajua. Na akijua, atakushukuru siku atakapovuta pumzi ya kwanza safi tangu karne iliyopita.

Usikae ukilia kwenye mto wa jibini. Wewe ndiye mwenye nyumba sasa. Mwanamume anaporudi akakuta nyumba inanukia sabuni, anajua ameoa.

Mpe salamu Cyprien. Mwambie akija kwetu avue viatu nje, na koti pia.

Dada yako,
Clémence


Pra-Ferrin, 24 Oktoba 1956

Mume wangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa dirishani, mahali pale uliponishika kiuno ukanionyesha mlima wenu. Leo umejificha kwenye mawingu, nami nimeona ni heri ujifiche, maana hauna maana bila wewe.

Nyumba ni nzuri na mimi ni mzima. Bibi ananipenda, naona. Jana alinipa soksi zako za utotoni nizikaushe jikoni, nikazibusu moja moja, yeye akaniuliza kama kwetu ziwani watu hubusu soksi.

Nina jambo la kukufurahisha ukija. Sitasema lote. Nitakuambia tu kwamba jana, Bibi alipokuwa kanisani, nilikunja mikono ya gauni, nikafanya kazi mahali ambapo hakuna aliyefanya kazi kwa miaka mingi. Mikono yangu imechubuka na magadi. Ukiiona utaibusu, na mimi nitakushika mkono nikupeleke stoo ukashangae.

Wako, wako kabisa,
Noélie


Bwawani, 25 Oktoba 1956

Mke wangu,

Barua hii naiandika kwenye kitanda cha juu, mabanda ya wafanyakazi, na jamaa aliye kitanda cha chini anauliza kila mara nimefika wapi. Nimemwambia nimefika kwenye macho yako. Amesema basi nitachelewa kulala.

Handakini maji yanatuingia shingoni. Nikitoka nje naangalia upande wa Pra-Ferrin, nasema pale pana moshi wa mke wangu. Sikuwahi kuwa na moshi wangu.

Najua nyumba yetu inakupa shida. Niliona ulivyoshika kile kikombe cha Bibi. Hukusema neno, nikakupenda zaidi. Badilisha chochote unachotaka. Mapazia, sufuria, hata kitanda. Jambo moja tu nakuomba, na ningekuambia kwa mdomo kama siku zetu mbili zisingepita upesi vile: ile jibini nyeusi ya mwisho usiiguse. Hata mimi sijawahi kuruhusiwa.

Nitakuambia kwa nini. Baba yangu alipoangukiwa na mawe nilikuwa na miaka saba. Jibini yake ilikuwa imeoza mwaka uliotangulia, paa lilipovuja. Watu walikuja mazishini wakakaa mezani wakala mkate mtupu. Huku kwetu husemwa mtu wa hivyo amezikwa mkavu. Shuleni waliniita Mwana wa Mkavu mpaka nilipoota ndevu. Bibi aliapa mbele yangu kwamba yeye hatazikwa mkavu, na kila Jumamosi tangu hapo anashuka kuigeuza mwenyewe.

Inanuka, najua. Nakuachia ucheke. Lakini usiiguse.

Mumeo,
Cyprien


Pra-Ferrin, 28 Oktoba 1956

Clémence,

Nimeitupa.

Niliitupa Jumanne, na barua ya Cyprien ya kunikataza imefika Ijumaa. Naiweka hapa ndani uisome mwenyewe, sina nguvu ya kuinakili. Ukifika pale pa Mwana wa Mkavu utaelewa kwa nini sijala tangu juzi.

Nilifanya ulivyosema. Nilisugua stoo nzima, dari hadi sakafu, maji yakatoka meusi ndoo tisa. Zile jibini nyingine nilizipangusa nikazirudisha. Ile ya Bibi niliishika kwa koleo la makaa, aproni imefunika pua, nikaipeleka kwa nguruwe. Dada, nguruwe yule anakula hata kamba. Aliinusa, akapiga chafya, akarudi nyuma hadi ukutani akanitazama kama niliyemtukana. Basi nikaitupa bondeni nyuma ya zizi. Niliisikia ikigonga mwamba mara tatu. Nikanawa mikono mara tano, nikaimba.

Niliimba, Clémence. Hilo ndilo linalonichukiza kuliko utitiri wote.

Alhamisi Bibi alirudi kutoka kanisani akinuka ubani, akateleza kwenye ngazi yetu niliyoilowesha kwa sabuni. Mguu umevimba kama mkate. Hawezi kushuka stoo. Kwa hiyo jana, Jumamosi, aliniita kitandani akanikabidhi kazi yake. Nichukue kitambaa, nikichovye kwenye mvinyo na chumvi, niipanguse jibini yake, niigeuze upande wa pili. Nikashuka. Nikasimama mbele ya rafu tupu na kitambaa mkononi. Nilisimama kiasi ambacho mtu angechukua kugeuza jibini, kisha nikapanda.

"Umeigeuza?"

"Nimeigeuza, Bibi."

"Inasemaje?"

"Iko vizuri."

Akanishika shavu kwa mkono ule ule wa kidole gumba, akasema nimekuwa mtu wa nyumba. Nilitoka nikatema mate kwenye theluji. Si kwa sababu ya mkono wake. Mdomo wangu mwenyewe ndio uliokuwa na ladha mbaya.

Nimeshuka bondeni mara mbili. Theluji imeanguka tangu Jumatano, inanifika mapajani, sijui hata ilikoangukia. Cyprien anakuja Jumamosi. Sijamwambia. Nisaidie, shauri lilikuwa lako.

Noélie


Vevey, 5 Novemba 1956

Mdogo wangu,

Shauri lilikuwa langu, sikatai. Na nguruwe yuko upande wangu.

Nimelia niliposoma barua ya mumeo, halafu nikakasirika kwa kulia kwa ajili ya jibini. Sasa tusipoteze muda. Kwenye kifurushi hiki utakuta duara la jibini ngumu kuliko zote zilizokuwepo dukani. Nimeipaka kahawa nzito siku tatu mfululizo, nikaisugua majivu ya kuni, nikaikausha karibu na jiko la pasi hadi msimamizi wetu akauliza nani amekufa. Nimeitoboa kwa sindano nene ya kufumia, upate na panya wako. Utitiri sikupata. Utanisamehe, hapa mjini hatuuzi.

Wewe chora herufi zake na mwaka, kama ulivyochorewa yako. Chora kwa msumari wenye kutu, kisha paka majivu. Iweke palepale kwenye giza. Bibi akifa Mungu akipenda, watakula, watasema ah, zamani chakula kilikuwa chakula.

Na jambo jingine. Hicho kichefuchefu, una hakika ni cha jibini tu? Nauliza kama dada.

Clémence


Pra-Ferrin, 18 Novemba 1956

Dada Clémence,

Ni cha jibini tu. Usianze kufuma vikofia.

Kifurushi kilifika na basi la posta. Mama wa posta alikinusa akasema ndugu zangu wananipenda. Nilichora E.P. 1893 kwa msumari, nikapaka majivu, nikaiweka kwenye pembe yake. Kwa mwanga wa taa hata mimi niliogopa, ilifanana mno. Cyprien alikuja akaenda kabla ya kifurushi kufika, akanibusu mikono iliyochubuka, hakushuka stoo zaidi ya mlangoni. Alisema inanukia kama hoteli, akacheka, nami nikacheka. Nilijichukia jinsi nilivyocheka vizuri.

Jana Bibi akasema nimletee jibini yake juu. Anataka kuishika tu. Mguu umepona lakini kifua kimebana, hatoki kitandani. Ningekataa vipi?

Nikamwekea magotini, juu ya blanketi. Aliizungushia mikono yote miwili kama mtu anayepokea mtoto. Akaipima uzito. Akainusa.

"Imenenepa," akasema.

Kidole gumba kikaanza kutembea juu ya ganda, polepole, kikafika kwenye herufi, kikasimama.

"Na baba yangu amejifunza kusoma."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anayemwonyesha mtoto njia ya kwenda shule. Jibini ya harusi yake ilitoka kwa ng'ombe wa baba yake, na baba yake hakujua herufi hata moja. Aliiwekea alama ya nyumba yao, ile aliyochonga kwenye mashoka na mihimili yao yote: mikato mitatu na msalaba. Mimi sikuwahi kuiona. Sikuitazama vya kutosha, niliishika kwa koleo.

Nikapiga magoti nikamwambia kila kitu. Koleo, nguruwe, bonde. Nilipofika pa nguruwe aliniuliza kama kweli alipiga chafya. Nikasema kweli. Akacheka hadi akakohoa, nikamshika mgongo, na harufu ile yote ikanijia puani, mafuta ya mnyama na maziwa makuukuu, na sikumwachia.

"Mimi nilipoonyeshwa yangu," akasema, "nilitapika kwenye aproni mpya. Mama mkwe alinipiga kofi."

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani nimesamehewa. Lakini akageuza uso dirishani, akaniuliza bila hasira, kama mtu anayetafuta viatu vyake asubuhi:

"Sasa nitakufa na nini?"

Nikasema hiyo ya Vevey inafanana, watu hawatajua. Akaisukuma kutoka magotini. Alisema Valentin wa kiwanda cha mbao amekula mazishi arobaini, anaijua mikato ya baba yake kama anavyojua pua yake. Na hata asingeijua, hataki watu watafune juu ya jeneza lake jibini ya mtu wasiyemjua hata kwa salamu. Alisema hilo linamtia kinyaa.

Kinyaa, Clémence. Neno langu mimi.

Amesema Cyprien nimwambie mwenyewe, yeye hatanisemea.

Noélie


Pra-Ferrin, 9 Desemba 1956

Cyprien wangu,

Bibi anakusalimu. Anakula mchuzi na anagombana na daktari. Ng'ombe wazima. Nimejifunza kukata ule mkate bila kujikata.

Ulipoondoka Jumatatu niliupanga usemi wangu wote, ukageuka kunipungia mkono, nikausahau. Kuna neno nataka kukuambia. Kila ukija naliona linakaa mezani pamoja nasi, nakula nikilizunguka. Usiogope, si la moyo wangu kwako. Huo uko palepale ulipouacha, na unazidi.

Njoo mapema.

Noélie


Pra-Ferrin, 10 Januari 1957

Cyprien,

Valentin anapanda bwawani kwa miguu, barabara imefungwa na theluji, amekubali kuchukua barua hii. Bibi amefariki leo asubuhi baada ya kahawa. Nilikuwa nimemshika. Aliuliza kama ni Jumamosi, nikasema ni Alhamisi, akasema basi bado.

Mazishi ni Jumapili. Njoo.

Na sasa nisikilize, maana nikikuona uso kwa uso nitashindwa tena. Jibini yake haipo. Niliitupa bondeni mwezi wa kumi, siku tatu kabla ya kuipata barua yako. Niliona ni uchafu. Iliyo rafuni ni ya dukani, dada yangu aliipaka rangi, na mimi nikaichora. Bibi alijua tangu Novemba. Wewe nilikuficha miezi miwili na nusu, nikikubusu.

Nimemfanya azikwe kama baba yako. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba tu uje.

Mkeo,
Noélie


Pra-Ferrin, 20 Januari 1957

Dada yangu,

Alikuja Ijumaa jioni, amelowa hadi kiunoni. Alimbusu Bibi paji la uso. Mimi hakunitazama. Jumamosi alfajiri alichukua koleo la theluji akashuka bondeni, akachimba hadi saa sita mchana. Nilimwona kutoka dirishani, kitu kidogo cheusi kwenye weupe ule wote. Alirudi mikono mitupu, suruali imeganda kama bati, akakaa karibu na maiti. Nilimvua viatu. Aliniacha nimvue, lakini miguu yake ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Nikamuuliza Jumapili tuwape watu nini. Alisema, "Mkate." Neno moja hilo ndilo alilonipa siku mbili.

Watu walikuja baada ya kaburi, wakajaa mezani, kila mmoja na kisu chake mfukoni. Wanaume walinuka zizi na tumbaku. Wanawake walinuka nguo nyeusi zilizotolewa sandukuni. Wakakaa wakisubiri, na hakuna aliyetazama mkate, wote walitazama mlango wa stoo. Valentin alikuwa ameshafungua kisu. Nilimwona Cyprien anatazama meza, uso umerudi kuwa wa miaka saba.

Nikashuka. Ya Vevey ilikuwa pale, nyeusi, tayari. Nilisimama mbele yake, na nakwambia ukweli, dada, haikuwahi kunitia kichefuchefu jibini nyingine yoyote kama hiyo safi isiyo na mdudu hata mmoja. Nikaipita. Nikachukua yangu.

Nikaiweka mezani mbele ya Valentin. Aliigonga kwa kisu.

"Hii changa," akasema. "Hii si ya Euphrosine."

Nikasema ya Euphrosine niliitupa mimi, niliona uchafu. Hii ni yangu.

Mwanamke mmoja alifanya msalaba. Valentin akaigeuza kuelekea dirishani akasoma herufi zangu kwa sauti, na mwaka, kama karani. Kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Na wewe siku yako, mtoto wa ziwani, tutakula nini?"

"Itabidi mnisubiri."

Mtu alicheka puani huko mwisho wa meza. Valentin hakucheka, lakini alimsukumia Cyprien jibini, maana mwenye nyumba ndiye hukata. Nilimtazama mume wangu, Clémence. Kama angeinuka akatoka, ningepanda basi lile lile la posta nikarudi kwenu, na ningestahili. Hakuinuka. Akakata kipande cha kwanza. Kipande cha kwanza hupewa mtu wa karibu zaidi na marehemu, na wote walijua ni yeye. Akanyoosha mkono akanipa mimi.

Nikala. Miezi mitatu na nusu rafuni na majirani zake wale ilikuwa imetosha, imeshaanza kuchukua tabia zao. Ilinuka soksi, zizi, mafuta ya yule mnyama. Ilinipanda hadi puani, machozi yakanitoka, watu wakadhani nalia. Nilikuwa nalia pia. Nikameza. Valentin akatafuna amefumba macho, akasema ni majani ya mwaka jana, mvua ilikuwa nyingi, lakini itafaa.

Ile jibini yako nilimpa nguruwe jana. Aliimaliza yote, akalamba ubao.

Cyprien amerudi bwawani. Hajasema kama amenisamehe. Kabla ya kuondoka alinishika mikono akaigeuza juu, kama anatafuta pale palipochubuka, akaiachia.

Mdogo wako,
Noélie


Bwawani, 3 Februari 1957

Noélie,

Nimeandika barua nne nikazichana. Jamaa wa kitanda cha chini anasema nitamaliza karatasi za kampuni.

Nilikasirika, na bado nina hasira kidogo, inakuja nikiwa handakini halafu inakwenda. Si kwa kuitupa. Kwa vile ulivyocheka nami pale mlangoni mwa stoo. Usicheke nami tena hivyo. Ukiona uchafu kwangu niambie uchafu.

Lakini walikula. Nimeliwaza usiku na mchana: walikula, na Valentin alimega mara mbili. Bibi hakuzikwa mkavu. Wewe ndiye uliyebaki bila kitu rafuni, na hilo linanikosesha usingizi kuliko lile la kwanza.

Jumamosi nakuja. Usisugue chochote.

Cyprien


Pra-Ferrin, 16 Juni 1957

Clémence mpenzi,

Ungenicheka ukiniona. Nina ndoo mkononi, viatu vya mume wangu miguuni, na nina furaha ya kijinga tangu asubuhi hadi jioni. Cyprien amepumzishwa wiki moja tuwapandishe ng'ombe malishoni. Tumerudiana kama siku ya kwanza, bali zaidi, maana sasa namwambia kila kinachonichukiza naye anaandika orodha. Amefika namba thelathini na mbili. Namba moja ni kikombe.

Theluji ya bondeni imeyeyuka. Mwezi uliopita ng'ombe wetu mmoja alishuka huko akagoma kupanda, Cyprien akamfuata, nikasubiri juu. Alichelewa. Alipotokea alikuwa ameshika kitu kifuani kwa mikono miwili, amefunga koti juu yake, na anatembea kama mtu aliyebeba maji.

Ni ile. Nyeusi vilevile. Mwamba haukuivunja, baridi haikuipasua, hata mbweha hawakuigusa. Tuliipangusa matope, na kidole changu kikaikuta alama pembeni: mikato mitatu na msalaba, imezama, imekaa miaka sitini na mitatu na mimi sikuiona.

Cyprien akaniuliza, "Niitupe?"

Hakuwa anatania. Angeitupa. Nikasema aiweke.

Valentin alikuja kuiona, ameleta na wenzake wawili kama wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Akasema jibini haikai rafuni bila mwenyewe, itatia nyingine mkosi. Bibi ameshakula yangu, kwa hiyo hesabu ni rahisi, akasema, hii ni ya mtoto wa ziwani. Wakatazamana, wakakubali kwa kichwa, wakaomba mvinyo. Basi ndivyo ilivyoamuliwa. Siku nitakayokufa, Mungu ajaalie mbali, watakaa mezani watamtafuna baba yake Euphrosine na majani ya 1893, na watasema ni mimi.

Utitiri ulikuwa umekufa wote kwa baridi. Wiki ya pili umerudi, sijui kutoka wapi, vumbi limeanza tena kutembea. Kila Jumamosi nashuka na kitambaa cha mvinyo na chumvi, naigeuza. Inanuka, dada. Sitakudanganya, inanuka hadi macho yanauma, na nikitoka nasimama uani navuta pumzi mdomo wazi kama samaki. Hilo halijabadilika na nadhani halitabadilika.

Jana hakukuwa na mtu. Nikasogeza taa. Nikachovya kidole gumba, nikalamba. Ni chungu, inawasha, inakwaruza ulimi kama kutu, na kuna kitu kinachotembea.

Bado.

Mdogo wako,
Noélie